Jaruba Nyuma ya Kota

12 Juni

Pratap amepiga simu asubuhi kutoka Pune, akanitaka nianze kuandika orodha ya vitu nitakavyohamia navyo. "Mama, usibebe takataka za miaka yote. Huku kila kitu kipo." Nimechukua shajara ya kiwanda cha chuma, hii wanayotugawia kila Januari ambayo siku zote naiandikia mapishi, nikaandika: cherehani, picha ya baba yake, sufuria ya shaba. Hapo nikakwama. Miaka thelathini na saba Rourkela, na orodha ina vitu vitatu. Nikaona afadhali niandike siku zenyewe, mpaka tarehe thelathini Septemba nitakapostaafu.

Basi, leo: joto, vumbi jekundu la madini kwenye kamba ya nguo, na jirani yangu Etwa Lakra ameanza kulima nyuma ya nyumba.

13 Juni

Joto. Etwa analima.

15 Juni

Sikukuu ya Raja. Siku hizi tatu ardhi inapumzishwa, hakuna anayeigusa kwa jembe, na wanawake wanapanda bembea. Nimeoka pitha ya mchele na nazi ndani ya majani ya mgomba, nikala peke yangu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, 1968, tulikuwa mabibi harusi kumi na wawili katika mtaa huu, wote kutoka pwani ya Orissa, wote tunalilia nyumbani. Raja ilipofika hapakuwa na mti wa kufungia bembea; mtaa mzima ulikuwa matofali na udongo uliochimbuliwa. Waume zetu wakaazima minyororo karakana, wakaifunga kwenye fremu ya chuma ya duka lililokuwa halijaezekwa. Tulibembea kwa minyororo ya kuinulia mitambo, sari zimejaa kutu, tukicheka mpaka wahandisi wa Kijerumani wakasimamisha gari kututazama. Kulamani wangu ndiye alikuwa akinisukuma. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mikono ya shati lake ilikuwa imetobolewa na cheche za tanuri.

Kati ya wale kumi na wawili nimebaki mimi. Wengine wamekufa, wengine wamefuata watoto wao mijini.

Etwa hajalima leo. Kila Raja huacha jembe siku tatu, ingawa yeye ni wa kabila la Waoraon wa huku milimani na hii si sikukuu yake. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

19 Juni

Mvua. Imeanza saa nane mchana, wakati watu wanavuta gari la Mungu Jagannath barabarani, na hakuna aliyekimbia. Nilipofika nyumbani nikakuta maji jikoni, yamefika kifundoni, na kiroba cha dengu kimelowa.

Kila mwaka ni hivi. Kota zetu za kiwanda ni nyumba mbili zinazoshirikiana ukuta. Yangu iko juu kidogo, ya Etwa iko chini, na huko chini, nyuma ya jiko lake, amejitengenezea jaruba la mpunga lenye ukubwa wa chumba cha darasa. Amelizungushia tuta la udongo. Tuta linazuia maji, maji yanarudi kwangu. Halafu vyura. Usiku kucha vyura, kama mkutano wa chama.

Nimemwita Etwa ukutani, kwa jina la mtoto wake.

"Baba Phulmani, maji yako yako jikoni kwangu."

"Si yangu, shemeji. Ni ya mvua."

"Na tuta ni la mvua?"

Akacheka, akaendelea kukandika tuta lake. Mkewe Birsi akainuka kutoka kwenye tope. "Mama Pratap, kuna ndoo mbili hapa kama unataka kusaidiwa kuyatoa."

Sikutaka ndoo. Nilitaka kuombwa radhi. Nimekaa chini nikaiandikia barua ofisi ya nyumba, kwa Kiingereza safi, kwamba mpangaji wa namba ishirini na tatu A analima mpunga kinyume cha kanuni na kunifurikishia jiko. Nimeitia sahihi kamili: Sulochana Behera, opereta wa simu.

20 Juni

Barua nimeipeleka. Mvua.

22 Juni

Mvua. Vyura.

3 Julai

Wamepandikiza. Tangu alfajiri Birsi na shangazi zake wawili wameinama ndani ya maji, sari zimepandishwa magotini, wanaimba kwa lugha yao wimbo wenye mistari mitatu tu. Nilichelewa kazini kwa sababu nilisimama dirishani. Mkono unachomeka mche na mwingine umeshachukua unaofuata, na safu inanyooka bila kamba.

Kwetu Kendrapara tulikuwa na mashamba, lakini baba yangu alikuwa mwalimu na kazi ya tope ilikuwa ya wengine. Mimi nilikuwa nikipita na mwavuli.

11 Julai

Kiwanda kimemwaga mvua ya masizi juu ya mvua ya maji. Nimefua upya.

18 Julai

Jumapili. Umeme umekatika, ndani hakukaliki. Nikatoka kukaa kwenye sakafu yangu ya saruji nyuma ya jiko. Sakafu hii Kulamani aliimwaga kwa mikono yake mwaka 1979, akapanga kokoto nyeupe pembeni. Wakati wa kiangazi tulikuwa tunatoa vitanda vya kamba hapa, Pratap analala katikati yetu akihesabu ndege zisizokuwepo. Hapa pia ndipo tuliuweka mwili wa Kulamani kumwosha, miaka tisa iliyopita.

Etwa alikuwa anang'oa magugu. Mpunga umeshika, rangi yake ile ya kijani inayoumiza macho. Nikamuuliza, kwa kupitisha wakati tu, ni mbegu gani na itaiva lini.

"Mwanzo wa Novemba, shemeji."

"Lakini wewe unastaafu mwezi ujao."

"Ndiyo. Tarehe thelathini na moja."

"Na funguo unarudisha mwisho wa Septemba."

"Ndiyo."

"Sasa umempandia nani?"

Akaosha mikono kwenye maji ya jaruba, akaja akakaa kwenye ukingo wa sakafu yangu, mbali kidogo, kama anavyokaa siku zote. Anazungumza taratibu. Etwa ni mfunga minyororo ya kreni. Kazi yake yote ni kuhakikisha mzigo hauyumbi.

"Unaliona tangi la maji pale?" akasema. Tangi la mtaa huu, la zege, linaonekana kutoka kila dirisha. "Pale palikuwa na nyumba ya babu yangu. Na hili," akaonyesha jaruba kwa kidevu, "lilikuwa shamba la baba. Si hili lote, alikuwa na kubwa. Hiki ni kipembe chake cha chini, kile kilichokuwa hakikauki."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Hapa? Mtaani kwetu?"

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Walikuja wakapima ardhi kwa ajili ya kiwanda, wakalipa, wakatupakia kwenye malori na mbuzi wetu, tukashushwa Jhirpani, kwenye kambi ya waliohamishwa. Baba alipewa kadi ya kazi, akafa kabla ya tanuri kuwashwa. Kazi nikairithi mimi."

"Umejuaje kwamba ni hapa hasa? Vilima vyote vimesawazishwa."

"Kwa maji. Mvua ikinyesha yanatoka kule barabara ya juu, yanazunguka nyuma ya jiko lako, yanakuja kutulia hapa. Tulikuwa tunashika samaki hapa." Akautazama mpunga. "Niligawiwa kota tatu kabla ya hii. Moja ilikuwa na varanda mbili. Nikawa naomba kubadilishiwa mpaka hii ikawa wazi."

Hilo la kubadilisha kota nalikumbuka vizuri. Mwaka 1978 mtaa mzima tulilicheka. Mworaon ameacha nyumba yenye varanda mbili ili awe karibu na wauza pombe ya mchele. Kulamani alisema hivyo, nami nikacheka.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nimwambie nani, shemeji? Kila mtu hapa ametoka mbali na anafurahi kufika."

19 Julai

Kazini sikuwa na akili. Siku hizi simu zinajiunganisha zenyewe. Tumebaki maopereta watatu wa kujibu wanaopotea. Zamani tulikuwa ishirini na wawili, na mji mzima ulipita masikioni mwangu. Mpunjabi anaulizia mama yake Ludhiana, Mtamil anapiga kelele mtoto amezaliwa, Mbengali anataka matokeo ya mpira wa Calcutta na hataki kulipia dakika ya pili. Nilikuwa nikijivuna kwamba naijua Rourkela kwa sauti. Leo nimejaribu kukumbuka kama niliwahi kuunganisha simu ya kwenda Jhirpani. Ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Sikumbuki.

Barua ile labda imepotea. Barua za ofisi hupotea.

28 Julai

Mvua ya siku tatu. Maji jikoni. Nimeyatoa mwenyewe kwa ndoo.

10 Agosti

Haikupotea.

Amekuja karani wa ofisi ya nyumba, kijana mstaarabu mwenye koti la mvua, akampa Etwa karatasi. Kwa kuwa kuna malalamiko ya mafuriko, tuta libomolewe na jaruba likaushwe kabla ya tarehe ishirini. La sivyo watu wa ofisi watakuja kulisawazisha. Jina la mlalamikaji halikuandikwa. Etwa aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Ni Mishra," alisema Birsi. Mishra ni karani wa stoo, nyumba yake inatazamana na jaruba upande wa pili, na kila mwaka hugomba kuhusu vyura. "Ni Mishra na mkewe. Mama Pratap, wewe umewahi kuwasikia?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikasema, "Vyura wanawasumbua."

Ndivyo nilivyosema.

11 Agosti

Nilikwenda ofisini kuomba barua irudishwe. Karani yule yule akanijibu kwa adabu kwamba malalamiko yakishaingia daftarini hayatoki, labda mlalamikaji aonyeshe kuwa tatizo limekwisha. "Maji yameacha kuingia, mama?" Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Sikuweza kusema uongo wa kijinga hivyo.

Sijamwambia Etwa.

12 Agosti

Sijasema. Mvua.

13 Agosti

Birsi amerudisha bakuli la mke wa Mishra bila kitu ndani. Kwa kawaida hurudisha na mchicha au bisi za mchele. Mke wa Mishra alisimama mlangoni akiligeuza geuza lile bakuli.

Sijasema.

14 Agosti

Nilifika ukutani jioni. Etwa alikuwa anatazama mpunga, mikono nyuma. Mashina yameanza kunenepa. Akaniambia, "Ukiwa hivi ndio unataka maji zaidi." Nikasema ndiyo. Nikarudi ndani.

15 Agosti

Siku ya Uhuru. Lazima niandike yote.

Asubuhi tulikusanyika uwanja wa mtaa kama kila mwaka. Bendera, wimbo, watoto wa shule na soksi zao nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu, kisha foleni ya vijaluba vya pipi za maziwa. Nimeipenda siku hii tangu wakati ule uwanja ulipokuwa unafungwa shuka la sinema jioni yake na sote tunakaa chini, wa kila lugha, tukitafsiriana vichekesho. Leo nilisimama foleni katikati: Birsi mbele yangu, mke wa Mishra nyuma yangu. Yeye ni mwanamke mnene, mpole, mwenye hofu ya mume wake. Anaitwa Mama Rinku.

Tulipokwisha kupokea vijaluba vyetu, Birsi akageuka. Hakupaza sauti.

"Mama Rinku, kula pipi zako vizuri. Wali wetu umeshaupata."

"Dada, sijui unasema nini."

"Hujui. Barua imejiandika."

"Naapa kwa kichwa cha mwanangu sikuandika. Baba Rinku hakuandika. Anagomba tu, ndivyo alivyo, lakini hakuandika."

"Basi vyura ndio walioandika."

Watu wawili watatu wakacheka. Mama Rinku akaanza kulia, machozi yanadondoka kwenye kijaluba, na hakuna aliyemwamini. Niliona kwa nyuso zao kwamba kesho angeitwa mchongezi mtaa mzima, na ni mtu asiyeweza hata kumfukuza paka.

Nikasema, "Ni mimi."

Birsi alidhani namtetea. "Mama Pratap, wewe kaa pembeni."

"Ni mimi niliyeandika. Mwezi wa Juni. Maji yalipoingia jikoni. Nimetia sahihi, nendeni mkaangalie."

Wimbo wa kipaza sauti ulikuwa unaendelea. Birsi alinitazama muda mrefu, si kwa hasira. Kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipomwona mtu fulani. Akamwekea Mama Rinku kijaluba chake cha pipi juu ya kile kingine, akamwambia, "Nisamehe, dada," akapita katikati ya watu akaenda zake.

Sikuenda nyumbani moja kwa moja. Nilizunguka mtaa mzima, nikapita soko la Jumapili na posta, mpaka miguu ikauma.

Saa kumi Etwa alibisha mlango wa nyuma. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Hakuyangoja.

"Shemeji, hebu njoo uone kitu."

Akanipeleka kwenye pembe ya sakafu ya Kulamani. Mvua ilikuwa imepungua, maji yalikuwa yakiteremka kutoka barabara ya juu kama alivyosema, yakija mpaka kwenye kokoto nyeupe. Pale yakagonga saruji, yakasimama, yakageuka, yakaanza kutambaa kuelekea mlango wa jiko langu.

"Tuta langu liko chini ya jiko lako kwa mkono mzima," alisema. "Maji hayawezi kupanda. Ni sakafu hii. Imekaa juu ya njia yao."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile ilipomwagwa. Nilimwambia kaka Kulamani, akasema saruji imeshakauka." Akatabasamu kidogo. "Mwaka uliofuata nikamwambia tena, akasema nitengeneze na mimi yangu."

Ni yeye kabisa. Nilimsikia akisema.

"Na baada ya kufa kwake? Miaka tisa yote natoa maji kwa ndoo na kukulaumu wewe."

"Ulikuwa unakaa hapa kila jioni, shemeji. Ningekwambia uivunje?"

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikakuta nina matatu tu. Alitikisa kichwa, si ndiyo wala hapana.

"Mimi nimezoea karatasi," alisema. "Birsi hajazoea. Usimfuate kwanza."

Nikamuuliza kama ana mtaimbo.

16 Agosti

Nimechukua likizo. Tumeanza pembe ya kokoto. Etwa alitaka kuvunja mstari mwembamba tu, upana wa mfereji. Nikamwambia avunje mpaka maji yapite bila kuombwa. Kulamani alichanganya saruji kama mtu anayejenga daraja. Mpaka saa sita tulikuwa tumefika katikati, mikono yangu imechubuka.

Katikati ndipo ulipo wayo wa Pratap wa miaka minne, alipokanyaga saruji mbichi na kupigwa kofi. Nikasema tuzunguke. Etwa akapima kwa jicho, akasema tukizunguka maji hayatapita. Nikamwambia haya, piga. Alisubiri mpaka nimeingia ndani.

17 Agosti

Mvua kubwa. Maji yamepita kwenye mfereji, yakaingia jarubani kwa sauti kama ya mtu anayekunywa. Jiko kavu. Nimesimama katikati ya jiko langu kavu nikalia.

20 Agosti

Karani amekuja na watu wawili wenye majembe. Nikamwonyesha jiko, mfereji, na barua ya pili niliyoandika, kwamba nilikosea, chanzo ni sakafu yangu. Akauliza kama nina hakika nataka kuiweka kwenye faili, maana sakafu nayo ilijengwa bila kibali. Nikamwambia aiweke. Akapiga hatua kando ya tuta, akautazama mpunga.

"Mchele mwembamba?" akamuuliza Etwa.

"Mwekundu. Wa kunata."

"Nyumbani kwetu Sundargarh mama hupanda huo." Akaandika *maji yamedhibitiwa*, akaondoka na watu wake.

Birsi alikuwa ndani. Hakutoka.

31 Agosti

Etwa amestaafu. Wenzake wamemleta na ngoma tangu lango la kiwanda, amevikwa mataji ya maua mpaka haonekani kidevu, mkononi mwavuli mpya na saa ya ukutani. Alitembea katikati yao kama mzigo unaopelekwa polepole. Nilisikia wakisema kuwa katika miaka thelathini na tisa hakuwahi kuangusha kitu.

Nilipeleka pitha. Birsi aliipokea mlangoni kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akarudi ndani.

17 Septemba

Siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Lango la kiwanda liko wazi kwa familia. Nimekwenda peke yangu, mara ya mwisho. Tanuri lina bendera na maua kama bwana harusi. Nimesimama pale alipokuwa anasimama Kulamani. Zamani nilikuwa nikimleta Pratap hapa, na baba yake anamnyanyua aone chuma kikitiririka, na mtoto anasema, "Jua limemwagika."

Kila mara nikisikia watu wakisema mji huu ulianza na tanuri hili nilikuwa nakubali. Hata mimi nilimwambia Pratap hivyo: hapa palikuwa pori, baba yako na wenzake wakaja wakajenga. Nimempigia simu leo nikamwambia haikuwa pori. Akauliza kama nakunywa dawa za presha.

25 Septemba

Karma, sikukuu ya Waoraon. Wamesimika tawi la mti wa karma uwanjani, wanacheza kwa kushikana viuno, ngoma hazijanyamaza tangu mchana. Nilikaa pembeni na Mama Rinku. Birsi alipita mbele yetu katika mzunguko mara nyingi, machipukizi ya shayiri nywelini. Kila mara alimsalimu Mama Rinku kwa kichwa, si mimi.

28 Septemba

Wamehama. Mkokoteni mmoja tu: vitanda, masanduku ya bati, saa ya ukutani. Wanakwenda kwa mdogo wake Etwa, Jhirpani. Kufuli la ofisi limefungwa mlangoni. Nyumba haitagawiwa mpaka ikarabatiwe. Etwa akaniuliza kama anaweza kupita uani kwangu kuutazama mpunga. Nilikuwa nimeshamkatia ufunguo wa geti.

30 Septemba

Nimestaafu. Hotuba, taji, seti ya vikombe. Nilivua vipokea sauti nikaviweka mezani, na masikio yakabaki yanawasha.

Pratap alidhani naondoka Jumapili. Nikamwambia nimeomba kukaa mpaka mwisho wa Novemba, ofisi imekubali.

"Mama, kwa ajili ya nini?"

"Mpunga."

"Mpunga wa nani?"

"Wa Etwa."

"Yule wa vyura?"

Nikamweleza. Ilichukua kadi nzima ya simu. Mwishoni akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo utotoni, "Mmevunja wayo wangu?" Nikasema ndiyo. Akasema haya.

6 Oktoba

Mvua za mwisho. Etwa huja na baiskeli saa moja asubuhi. Tunakunywa chai.

14 Oktoba

Mpunga umechanua. Hakuna harufu kama hii. Kumbe kila mwaka nilikuwa nafunga dirisha kwa sababu ya vyura.

22 Oktoba

Sanamu ya mungu mama Durga imepelekwa mtoni. Anga imekuwa kavu, ya bluu. Tiketi ya treni: tarehe ishirini na tisa Novemba, behewa la wanawake.

30 Oktoba

Masuke yameinama. Nafukuza ndege kwa sahani na kijiko, mstaafu wa simu mwenye miaka sitini. Mishra amekuja kusaidia bila kuombwa. Sauti yake hatimaye imepata kazi.

7 Novemba

Wamekuja saa kumi na mbili na nusu, umande bado haujakauka: Etwa, mdogo wake, na Birsi. Sikujua kama angekuja. Alipita uani kwangu, akaruka mfereji, akatazama mabaki ya sakafu pande zote mbili, kipande huku, kipande kule. Akafunga sari kiunoni akaingia jarubani.

Nami nilikuwa nimenunua mundu sokoni tangu wiki iliyopita. Nikavua viatu nikashuka. Etwa akaniona, akasogea kuniachia nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa kando ya mkewe.

Nimezaliwa katika wilaya ya mpunga na sijawahi kukata hata shina moja. Nilishika, nikavuta, mashina yakakatika vibaya na punje zikamwagika kwenye tope. Nikajaribu tena. Birsi alikuwa ameshafika mbali, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama juu yangu. Nilingoja aniambie nitoke.

"Mama Pratap," akasema, "unashika mundu kama kalamu."

Nikamwambia ndicho kitu pekee nilichofundishwa kushika.

"Ndiyo, tumeona." Akainama, akanigeuza kiganja kidole kimoja kimoja, gumba chini, ncha kuelekea kwangu. Mkono wake ulikuwa baridi kwa umande. "Usivute. Shika kwanza, halafu zungusha. Na ukate chini, usituachie nusu ya kazi."

Nikakata. Fungu likabaki zima mkononi mwangu, zito kuliko nilivyodhani. Akaliangalia, akalichukua, akalilaza pamoja na yake.

"Haya. Safu hii ni yako mpaka ukutani."

Tulimaliza kabla ya saa tano.